Maji ya Kununua

Mnyambe tunanunua maji kwa ndoo.
Hesabu yake naijua kama jina langu:
ndoo ya kunywa, ndoo ya kupikia,
yaliyooshea mchele yanaosha vyombo,
yaliyooshea vyombo naumwagia mgomba.
Tone haliendi bure nyumbani kwangu.

Usiku ule Twalibu aliyamwaga yote.
Juu na chini, juu na chini,
kanga ya kwanza, ya pili, ile ya harusi,
mpaka kikawa kinatoka kimaji kitupu.

Mama mkwe akasema: meno hayo.
Miezi kumi, meno yanachimba.
Jirani akasema: ulimtoa nje magharibi,
mtoto kakutana na kitu.
Mimi nilimtazama akilia:
mdomo wazi, sauti ipo,
macho makavu kama maganda ya korosho.

Mtoto analia bila machozi.
Hilo halikuwemo katika habari ya meno.

Nauli ya bodaboda nikaihesabu kwa ndoo:
ndoo kumi na nne, kwenda tu.

Newala, hospitali ya wilaya, wodi ya watoto.
Nesi Editha alimfinya tumboni kidogo,
akaiachia ngozi.
Ngozi ikabaki imesimama
kama kanga iliyokunjwa ikasahauliwa.
Akahesabu kimoyomoyo. Nami nikahesabu.
"Mama, mtoto huyu amekauka."

Walitafuta mshipa mkononi, ukajificha,
mguuni, ukajificha.
Wakaupata kichwani, wakanyoa kipande
cha nywele zilizoota tangu arobaini yake.
Hapo nikageukia ukuta.

Asubuhi nikamuuliza daktari:
dawa ya kukiua kidudu hicho ni ipi?
Akasema ni kirusi, dawa ya kukiua haipo,
kitachoka chenyewe.
"Kazi yetu ni kumrudishia maji
upesi kuliko anavyoyapoteza."

Maji!
Nimetoka huko, kwenye kiu ya ukoo mzima,
kuja kuambiwa dawa ni maji.
Nilitaka kucheka, nikakosa mate.

Dripu ilipokwisha nikapewa kikombe na kijiko.
Pakiti moja, lita moja, yaliyochemka yakapoa.
Kijiko, subiri. Kijiko, subiri.
Akitapika, pumzika dakika kumi, anza upya.
Ziwa usimkatize.

Kitanda cha pili, pacha wa Mkoma,
mmoja kichwani, mmoja miguuni.
Cha tatu, bibi anasema na mjukuu kwa Kimakonde,
polepole, kama anambembeleza mbuzi atoke shambani.
Wodi nzima ka, ka, ka,
vijiko kwenye vikombe vya bati;
apitaye nje angedhani tunakunywa chai ya sherehe.

Saa nane usiku niliziwaza ndoo zangu.
Ni ndoo ipi iliyokuja nacho?
Ile ya Jumatatu, ya dumu la kijani?
Au ni mkono wangu huu,
uliotoka kumtawaza mtoto wa dada
ukafutwa kwenye kanga, kwa kubana tone?
Nilikuwa nikijisifu kwa kubana.
Sikumuuliza nesi. Sikutaka anijibu.

Siku ya pili, jioni, nimempakata,
kijiko cha mia na sijui ngapi,
nikahisi joto pajani.
Nikatulia. Likaenea.
Likapita kanga, likapita gauni,
likadondoka sakafuni, to, to, to,
na mimi, mwanamke wa Mnyambe,
nisiyemwaga tone,
nikapiga kelele: Nesi! Njoo uone! Amekojoa!
Bibi wa kitanda cha tatu akapiga kigelegele,
pacha wakaamka.

Twalibu akashtuka, akalia,
na chozi moja likamtoka jicho la kushoto,
likashuka taratibu, likafika kidevuni.

Sikulifuta.